Mtufaha Nyuma ya Nyumba

(Mada iliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa)

 

Tumepewa nusu saa, nasi tumeombwa tusiseme habari za hisa na marejesho kwa sababu Mtunza Hazina ameshazisema na mahesabu yake mmeyaona ukutani. Sisi tunaleta jambo dogo la nyumbani. Tunataka kusema juu ya mti wa tufaha, ule mti mmoja au miwili ya kupanda uani, nyuma ya jiko, pale ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa. Tunalisema leo kwa sababu wiki ijayo sanduku linafunguliwa na mgao unatoka, na kila mama hapa ana mipango kichwani. Wengine mabati, wengine ada, wengine kitenge (msicheke, tunawafahamu). Tunaomba katika mipango hiyo nafasi ya miche miwili iwepo.

Kwanza jina. Wachuuzi wa stendi wanasema epo, vitabu vinasema tufaha, na ukienda Unguja ukamwomba mtu tufaa anaweza kukuletea lile tunda laini jekundu lenye umbo la kengele, ambalo ni mti mwingine kabisa wa nchi ya joto. Leo tunasema tufaha lile la baridi, la kula likiwa bichi, linalolia kwa jino.

Sasa mtu atauliza, huko kwetu Njombe habari si ni parachichi? Kweli, parachichi limejenga nyumba za watu na hatulisemi vibaya. Lakini hebu tuangalie sokoni. Matufaha mengi yanayopangwa kwenye meza za mijini, yale yenye kibandiko, yanatoka Afrika Kusini. Mwezi Aprili 2025, Serikali iliposimamisha kwa siku chache mazao ya kilimo kutoka huko kwa sababu ya mzozo wa ndizi zetu kuzuiwa kwao, watu wengi ndipo walipoanza kuulizana matufaha wanayokula yanatoka wapi. Nasi tuko hapa, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, mwezi Juni na Julai tunalala na mablanketi matatu. Baridi tunayo bure. Mti huu unataka baridi.

Tueleze hapo kidogo maana ndipo wengi wanapopotea. Mtufaha asili yake ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan, ambako majira ya baridi ni ya theluji. Huko mti hupukutisha majani yote, hulala, halafu baridi ikiisha huamka na kuchanua. Wataalamu hupima usingizi huo kwa saa za baridi, yaani saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 800 hadi 1,000 za namna hiyo. Hapa petu hatufiki huko. Ukipanda aina hizo mti utakuwa na afya, majani mengi, kivuli kizuri cha kuku, na tunda hulioni. Ndiyo ile mitufaha ambayo watu husema imerogwa. Haikurogwa, haijalala ikashiba usingizi.

Kwa hiyo aina ndiyo jambo la kwanza. Zipo zinazotosheka na baridi kidogo, saa 300 au pungufu. Mojawapo inaitwa Anna, ilizalishwa Israeli, nchi ya joto, tunda lake refu kidogo, limepakwa wekundu upande wa jua. Nyingine ni Dorsett Golden, ya njano. Hii tunaipenda kwa historia yake. Ilitoka visiwa vya Bahamas, kule ambako baridi haijulikani, na aliyeiotesha kwa mbegu ni mama mmoja wa Nassau aitwaye Irene Dorsett. Mama mwenyewe kwenye kiwanja chake! Leo mti wake uko nchi nyingi za joto na una jina lake. Anna na Dorsett Golden huchanua pamoja, na hilo ni muhimu, tutalirudia.

Lakini bahati ya mama yule isitudanganye tukaanza kukausha mbegu. Mbegu ya tufaha haimtoi mama yake. Ukipanda mbegu kumi za tunda tamu unapata miti kumi tofauti, na iliyo mingi ni ya matunda madogo, machachu, na utangoja miaka sita, saba, hata zaidi kuyaonja. Mche wa kweli ni uliobebeshwa: kikonyo cha aina unayoitaka kimefungwa juu ya shina la aina nyingine lenye mizizi imara. Shina hilo ndilo linaloamua mti uwe mrefu kiasi gani. Lipo liitwalo MM106, lilitengenezwa Uingereza, ambalo mti wake hauzidi mita 4 hivi, mama unachuma kwa kigoda tu, na mizizi yake haishambuliwi ovyo na chawa wale wa pamba. Kasoro yake halipendi maji yaliyotuama, huoza shingoni. Mwenye kiwanja cha mteremko mkavu atafute MM111, linavumilia ukame, ila mti unakuwa mkubwa zaidi.

Miaka michache iliyopita alipita muuzaji mmoja na baiskeli, miche kwenye mifuko myeusi, eti yote imebebeshwa. Baadhi ya majirani zetu walinunua. Ukiinama ukaangalia shingo ya mche hapakuwa na kovu lolote, shina limenyooka kama fimbo. Kovu ni lazima lionekane, kama kigoti kidogo, sentimita 15 au 20 juu ya udongo. Hakuna kovu, usitoe fedha. Na usione haya kuinama mbele ya muuzaji.

Namna ya kupanda wengi mnaijua kutoka kwenye parachichi. Shimo sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, lichimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua. Udongo wa juu weka upande huu, wa chini upande ule. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, isiyo na moto, rudisha, acha utulie. Mvua za Novemba na Desemba zikishika, panda. Kutoka mche hadi mche mita 4. Usipande chini ya mikaratusi wala karibu na misindano ya jirani, hapo unawapandia wao maji yako. Na lile kovu libaki juu ya udongo, ndugu zetu, kiganja kizima juu. Ukilifukia, kikonyo kitaota mizizi yake chenyewe na faida yote ya shina dogo uliyolipia imekwenda. Kata mche kwenye urefu wa kiuno ili utoe matawi. Matandazo ya majani makavu yawekwe kuzunguka lakini yasiguse shina. Zungushia miti au matete maana mbuzi wa mwenzio akionja ganda la mtufaha hatakwenda tena kwa mwingine.

Kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili ndipo mti unapofia mikononi mwetu. Ndoo moja ya lita 20 kwa juma inatosha, hata hayo maji ya vyombo, ila yasiwe na sabuni nyingi wala mafuta.

Mwaka wa pili au wa tatu mti huanza kuonyesha. Na hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu habari hii haisemwi sana kwenye semina. Kwa baridi yetu mtufaha hupukutisha majani nusunusu. Mengine yanabaki yamezeeka, yamekauka pembeni, na mti hauko macho wala haujalala. Dawa yake ni mikono. Mwezi Julai, mti ukiwa umepumzika baada ya matunda na maji yamepunguzwa wiki kadhaa, unayachuma majani yote kwa mkono, taratibu, bila kuvunja vichipukizi vilivyoko kwenye makwapa ya majani. Wiki tatu hadi nne baadaye mti unafumka wote kwa pamoja. Wakulima wa Batu, huko Java ya Mashariki nchini Indonesia, ambako baridi ni kidogo kuliko yetu, huendesha mashamba mazima kwa njia hii na hupata mavuno mawili kwa mwaka. Mavuno mawili hatuwashauri, mti wa uani unachoka. Mara moja inatosha.

Jambo la pili ni kulaza matawi. Tawi lililosimama wima linafikiria kukua tu. Ukilivuta kwa kamba likaelekea pembeni, nusu ya kulala, linaanza kufikiria kuzaa. Tunafunga kamba ya katani au ya mpira wa baiskeli kwenye tawi na ncha nyingine kwenye jiwe au kigingi, tunaiacha msimu mmoja, tukifungua tawi limezoea. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri sana kuliko sisi. Ila kamba isikaze ganda.

Kupogolea hufanyika baada ya kuchuma majani. Toa yaliyokufa, toa yanayosuguana, toa yanayoelekea ndani, ili ukisimama chini uone mbingu katikati ya mti. Wapo wanaokata kama wanakata chai. Huo si upogoleaji, mwaka unaofuata utapata fimbo tu.

Maua yakija Agosti na Septemba, usipulizie dawa yoyote. Nyuki ndio wanaofanya kazi. Ua la mtufaha kwa kawaida halijitoshelezi, linataka chavua ya aina nyingine iliyochanua wakati uleule, ndiyo maana tumesema miche miwili na siyo mmoja, Anna na Dorsett Golden. Kama jirani yako ana Anna na wewe una Dorsett, na nyumba zenu zimekaribiana, mmoja mmoja unatosha. Mtazamane na muelewane basi, maana mkigombana nyuki hawajui.

Kisha linakuja jambo ambalo akina mama hulikataa kabisa mara ya kwanza. Kila shada la maua hutoa vitunda vitano, sita. Vikiwa na ukubwa wa kokwa la zambarau, unaviondoa, unabakiza kimoja, pengine viwili, na kutoka tunda hadi tunda pawe na upana wa kiganja. Roho inauma. Lakini tunda moja linahitaji majani thelathini, arobaini kulilisha. Ukiyaacha yote yatakuwa ya ukubwa wa ndimu, tawi litavunjika, na mwakani mti utagoma, kwa sababu mbegu za matunda mengi huzuia vichipukizi vya maua ya mwaka unaofuata. Yule mzee anayesema mti wake huzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, mti wake haupumziki, umelemewa.

Wadudu na magonjwa tupite upesi. Ukiona pamba nyeupe kwenye matawi, ukiibonyeza inatoa majimaji mekundu, hao ni chawa wa pamba, wasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Ukiona ncha za matawi zimepakwa unga mweupe, huo ni ubwiri unga, kata ncha hizo uzichome. Inzi wa matunda, hasa yule wa Asia aliyeonekana mara ya kwanza Afrika huko Kenya mwaka 2003, baridi yetu inampunguza nguvu lakini yupo. Matunda yaliyoanguka yasikae chini hata siku moja. Yafukie kina cha nusu mita, au yafunge ndani ya mfuko wa plastiki uanikwe juani mpaka mabuu yafe. Matunda mazuri yavishwe vifuko vya karatasi, hapo na ndege umemaliza.

Kujua limekomaa, usibane kwa kidole, utaliharibu. Lipinde juu kidogo pamoja na kikonyo chake, likiachia lenyewe limekuwa. Au pasua moja uone mbegu, nyeupe bado, kahawia tayari. Anna inachukua kama miezi minne tangu ua, kwa hiyo kwenye Desemba na Januari mnakula. Halafu lisiwekwe kapu moja na ndizi au parachichi mnazotaka zikae, maana tufaha hutoa hewa inayoivisha wenzake. Mwenye parachichi gumu na wageni wa keshokutwa, hiyo ndiyo dawa yake: mfuko mmoja, tufaha moja, parachichi ndani, funga.

Ndugu zetu, tumefika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii.

Mwaka wa tatu wa kikundi, mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuseme lakini siyo kwa jina, alikopa fedha kidogo za miche minne ya mitufaha. Katibu wa wakati ule aliandika kwenye daftari tarehe, kiasi, na sababu: miche minne ya tufaha, kiwanja cha nyumbani. Wengine tulicheka, mkopo wa miezi mitatu kwa mti wa miaka mitatu! Alilipa kwa viazi. Mwaka wa sita mume wake akafariki. Arobaini haijaisha, shemeji wakaja na kamba ya kupimia. Walisema kiwanja ni cha ukoo, na miti aliipanda marehemu, mama hana lake pale zaidi ya sufuria.

Baraza la Ardhi la Kijiji lilipokaa kusuluhisha, mzee mmoja wa baraza aliuliza swali moja tu, nani anaweza kuonyesha miti hii ilipandwa lini na kwa fedha ya nani. Mwenzetu alikuja kwetu usiku. Sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo walitoka vitandani watatu wakafungua. Asubuhi daftari likasomwa mbele ya baraza, ukurasa ule, mwandiko ule, na sahihi ya marehemu mwenyewe kama mdhamini wa mke wake. Shemeji walinyamaza muda mrefu. Halafu yule mkubwa akasema hakujua. Wakapatana. Mama yuko pale mpaka leo, na matufaha mnayoyaona kwenye sahani za meza kuu ni ya kwake.

Hatusemi daftari la kikundi ni hati. Siyo hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenye nafasi afuatilie hati ya hakimiliki ya kimila na majina yote mawili yaandikwe, la mume na la mke. Lakini hati wengi bado hatuna, na kifo hakingoji. Mahindi yakivunwa hayaachi alama. Mti unabaki palepale, na ukiwa umeandikwa unajulikana ni wa nani.

Na hili tusilifanye kwa kificho. Akina baba waliopo hapa wanatusikia. Mwenzetu yule asingekuwa na sahihi ya mumewe kwenye ukurasa ule, mambo yangekuwa magumu zaidi.

Kwa hiyo tulikaa, wanachama tukakubaliana haya, tunayaleta mbele yenu. Miche ya tufaha isikopewe kwenye mkopo wa kawaida, maana riba itakula mti kabla haujazaa. Inunuliwe kwa fedha ya mgao. Kila mama atakayetaka achukue miwili, aina mbili. Tutakwenda kitaluni kwa pamoja, pamoja na bibi shamba wetu, tukague makovu mche kwa mche. Kila mche utaandikwa kwenye daftari jipya la kikundi: tarehe, aina, mahali, fedha ya nani, na sahihi ya mama na ya mwenzi wake, au ya mwanawe mkubwa, au ya jirani kwa asiye na mtu. Daftari hilo litakaa ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu.

Majina yanaandikwa kwa Katibu leo mpaka saa kumi na moja, na Jumatano kwenye mkutano wa kawaida. Mashimo yawe tayari mwisho wa Oktoba, tutapita nyumba kwa nyumba kuyapima, na fimbo ya sentimita 60 tunayo. Mikasi miwili ya kupogolea iliyonunuliwa na mfuko wa jamii iko kwa Mtunza Hazina, inaazimwa bure siku mbili, ikirudi na kutu kuna faini.

 Sahani zinapita sasa, kila mtu kipande kimoja, na mbegu mtupe.